Sahihi Moja Tu, Mama Panyia

"Bonyeza hapo tu, Mama Panyia. Kwenye huo mstari. Chora jina lako kwa kidole, basi, kazi imekwisha."

"Mikono yangu imejaa mchele."

"Si uifute."

"Baba Panyia, niache niepue wali kwanza. Utakula fomu kazini?"

Yeng hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya jiko, jaketi la kazini mwilini, funguo za gari zinalia mkononi. Kishikwambi alikiegemeza kwenye chupa ya sosi ya samaki, kioo kinamwangalia mkewe. Nje baridi ya Saint Paul ilikuwa imeanza kung'ata, mwezi wa kumi ule, na saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa moja asubuhi.

"Wali unaweza kungoja, fomu haziwezi. Zikikaa sana kwenye mtandao zinafutika, tunaanza moja."

"Si tumekaa miaka ishirini na miwili bila hizo fomu?"

"Na tutakaa mingine ishirini na miwili. Nimekwambia mara ngapi? Hii ni talaka ya karatasini. Mambo ya serikali haya. Mimi na wewe tulifungwa na washenga, ukoo wangu wa Lor na ukoo wenu wa Moua, watu wamejaa sebuleni kwa baba yako. Kuna kompyuta ya mahakama inayoweza kuyafungua yale?"

"Hakuna," alisema Gaonou, maana ndivyo alivyoamini.

"Haya. Panyia anaingia chuo mwakani. Wakiona mama yake yuko peke yake, muuza mboga sokoni, msaada utamiminika. Wakiona mimi na mshahara wangu wa kiwandani nimekaa pembeni yako, hapati kitu. Unataka mtoto akose chuo kwa ajili ya sahihi moja?"

Hapo alimpata. Mguse Gaonou kwa Panyia, atakupa hata jicho.

"Dia wa sokoni ananiambia talaka yoyote ile mtu amwone wakili kwanza."

"Dia!" Yeng alitupa mikono juu. "Dia anajua nini zaidi ya kupanga figili? Wakili ni wa watu wanaogombana. Sisi tumegombana? Mlete wakili humu ndani uone, atatutafutia ugomvi ili apate kula. Fomu zipo, mtu anajaza mwenyewe, nimekaa nazo wiki nzima. Kurasa zote nimemaliza. Imebaki sahihi moja tu."

Akachukua boksi lake la chakula, kuku na wali na pilipili ya kutwanga kwenye kikopo chake pembeni. Alikuwa amefungiwa na mwanamke yule yule aliyekuwa anamwacha karatasini. Akampigapiga begani kidogo.

"Jioni nikute umesaini, sawa mama?"

"Sawa, Baba Panyia."

Sasa usianze kumcheka Gaonou. Najua wapo wanaosema mwanamke mzima anasainije kitu asichokisoma. Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni: bei, ratili, karibu tena. Karatasi zote za nyumba ile, za umeme, za bima, za shule, Yeng ndiye aliyezisoma tangu walipooana. Na kwa watu wao, waliotoka Laos, ndoa ni ile ya washenga. Wapo waliozaa watoto sita kabla hawajafika ofisi yoyote ya serikali, na hakuna aliyewahi kuwaambia si mume na mke. Kwa hiyo alipoambiwa karatasi haibadilishi kitu, aliona ni kweli.

Alinawa mikono, akaifuta vizuri, akakaa. Akaweka kidole kwenye mstari. Akachora G. Akachora a. Akachora o. Kishikwambi kikaanza kulia.

Jina lililotokea lilikuwa *Fundi wa Paa*, na alikuwa anapiga kwa video.

Paa lilikuwa linavuja kweli, juu ya chumba cha Panyia, tangu masika. Gaonou alikuwa amemsubiri fundi huyo miezi minne. Akapokea haraka asije akakata.

Hakuwa fundi. Alikuwa msichana, uso wa mviringo, nywele zimefungwa juu, nyuma yake ukuta wa mbao na taa ya usiku inayowaka. Alianza kwa tabasamu kubwa, kisha akaziba mdomo.

"Yee! Samahani. Shikamoo, dada!"

"Marahaba," Gaonou alijibu kabla hajajua anajibu nini. "Dada wa nani?"

"Si wewe dada Gaonou? Nimekujua kwa picha. Yeng amenionyesha. Anakusifu jamani! Anasema dada yake mkubwa ndiye anayemtunzia nyumba tangu mkewe aondoke."

Gaonou alijikuta amesimama. Kisha akajikuta amekaa tena, na hakumbuki alikaa saa ngapi.

"Mkewe... alikwambia alikwenda wapi?"

"California. Na mwanamume mwingine. Pole sana dada, najua mmepitia mengi."

"Tumepitia," alisema Gaonou. Sauti yake aliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili. "Na wewe mdogo wangu, jina lako nani? Yeng ni msiri sana, hajaniambia."

"Kazoua."

"Una miaka mingapi, Kazoua?"

"Nimetimiza ishirini mwezi uliopita."

Panyia alikuwa na kumi na saba.

"Mlikutana wapi?"

"Huku huku, kwenye sherehe za Mwaka Mpya, mwaka jana. Alikuja kutengeneza kaburi la babu yenu, si unajua? Tukarushiana ule mpira wa wachumba, mimi na yeye, siku tatu. Dada, hakuangusha hata mmoja!"

Gaonou aliijua safari ile. Yeye ndiye aliyempakia sanduku: dawa za mgongo za shangazi wa Laos, sweta za watoto, saruji ya kaburi wakakubaliana atanunua huko huko. Wiki nne alilala peke yake akimwombea mumewe asiugue tumbo. Mzee mzima wa miaka arobaini na sita, kumbe yuko uwanjani anadaka mipira na wasichana.

"Na harusi lini?"

"Mwaka Mpya huu, akija. Lakini ile karatasi dada, imefikia wapi? Maana anasema bila karatasi ya talaka ubalozini hawanisikilizi. Wanataka ushahidi kuwa hana mke."

Ah. Kwa hiyo karatasi ile ilikuwa na kazi.

"Imebaki kidogo."

"Nani anachelewesha? Yule mwanamke wa California?"

"Ndiye."

"Ana roho mbaya!"

"Ana roho mbaya kweli," Gaonou alikubali. "Lakini yuko mbioni kumaliza."

Kazoua akacheka, cheko la mtoto asiye na hila, na hilo ndilo lililomuuma Gaonou kuliko yote. Angekuwa mkorofi angemtukana.

"Dada, naomba nikwambie jambo usinichukie. Yeng anasema nikija tutakaa kile chumba cha juu chenye dirisha kubwa, na wewe utahamia kile cha chini, karibu na mashine ya kufulia. Nilimwambia mimi, si vizuri kumhamisha dada mkubwa. Akasema wewe huna neno, umezoea."

"Alisema nimezoea?"

"Ndiyo."

"Hajakosea," alisema Gaonou. "Sikiliza, mdogo wangu. Usimwambie Yeng kama tumeongea. Nataka nimwandalie jambo lake, asijue. Nipe namba yako, na ya mama yako."

"Unamwandalia mshangao?"

"Mkubwa."

Simu ilipokatwa, ile fomu ilirudi kwenye kioo, herufi tatu zimekaa kwenye mstari, zimepinda. Alizifuta. Akafuta na alama ya simu iliyoingia. Kisha akaenda chooni, akafungua maji yote ya bomba, na akapiga kelele mpaka koo likamkauka.

Saa tano ujumbe ukaingia.

*Umeshasaini?*

*Bado. Kidole kinateleza.*

*Lambisha maji kidogo. Usichelewe mama.*

*Nimewaza. Tusaini Jumapili asubuhi mbele ya washenga wetu. Wasije wakasikia kwa watu wakadhani tumeachana.*

Robo saa ikapita.

*Wazee wa nini tena? Ni karatasi tu.*

*Kama ni karatasi tu, tunawaficha nini?*

Nusu saa nyingine. Kisha: *Sawa. Wasikae sana.*

* * *

Jumamosi ilikuwa soko la mwisho mwisho la msimu. Barafu ya alfajiri ilikuwa imeunguza majani ya maboga. Gaonou na Dia, shoga yake wa miaka tisa wa meza kwa meza, walikuwa wamevaa makoti mawili mawili, wamepanga figili nyeupe, mboga chungu na mafungu ya giligilani. Gaonou alimhadithia yote huku anafunga vitunguu kwa mpira. Alipofika kwenye chumba cha karibu na mashine ya kufulia, Dia aliangusha fungu zima chini.

"Nipe lile panga la maboga."

"Dia."

"Nipe nimkate kidogo tu. Kidogo."

"Niambie nifanye nini, si panga."

"Unafanya hivi." Dia akamsogelea. "Ya wakili niliyokwambia yaache, yeye anachelewesha; na wewe unaingia mtandaoni. Unajaza fomu zako mwenyewe, unamtandika yeye talaka kabla hajakutandika. Mdogo wangu Bao alijaza kwenye simu akiwa anasubiri basi. Wiki nane, huru. Hakumpa wakili hata senti."

"Bao alikuwa na nini?"

"Alikuwa na paka."

"Mimi nina nyumba, Dia. Nina mtoto."

Dia akainama kuokota lile fungu aliloangusha. Kisha wote wawili wakacheka, ile ya kucheka ili usilie, mpaka mteja mmoja akawaangalia.

"Basi nenda kwa wakili. Lakini wakili atakula figili zako zote na za mwakani."

"Ndiyo maana sijui. Nikijaza mwenyewe, nitakosea. Nikienda kwa wakili, akiba yote inaondoka. Na mimi hata wakili simjui."

"Humjui?" Dia alimnyooshea kidole mwanamke aliyekuwa anakuja na kikapu, mrefu, mwenye mvi na viatu vya theluji kabla theluji haijaanguka. "Na yule mama wa giligilani unadhani anafanya kazi gani?"

Miaka mitano Bi Lindgren alikuwa ananunua mafungu mawili kila Jumamosi, na kila Jumamosi anataka la tatu la bure. Gaonou alimjua kwa ubishi wa bei, si zaidi. Dia ndiye aliyeongea naye siku moja ya mvua akajua ni wakili wa mambo ya ndoa.

"Leo fungu la tatu ni bure," alisema Gaonou kwa Kiingereza chake, uso umewaka moto. "Lakini nakuuliza kitu."

"Uliza."

"Mtu akiwa na fomu za mtandaoni za talaka, anahitaji wakili?"

Bi Lindgren aliweka kikapu chini.

"Mara nyingi hahitaji. Nimewarudisha watu wengi nyumbani wakajaze wenyewe. Wamekubaliana, hawana mali, kila mmoja anajua alichoandika, nile hela zao kwa lipi? Hizo fomu zako nani kajaza?"

"Mume wangu."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Unazo hapa?"

Kishikwambi kilikuwa ndani ya boksi la mboga, chini ya mboga chungu. Yeng alikuwa ameambiwa kimebaki jikoni. Bi Lindgren akavua glovu moja, akavaa miwani, akaanza kusoma palepale amesimama, wateja wanampita. Alisoma muda mrefu. Dia alihudumia meza zote mbili.

"Gaonou, hapa imeandikwa wewe na mumeo mmetengana tangu Februari mwaka juzi, kwamba tangu hapo hamjaishi kama mke na mume. Ni kweli?"

Gaonou alimwomba arudie, polepole. Akarudia.

"Februari mwaka juzi," alisema Gaonou, "mama yake alikuwa anakufa. Nyumbani kwangu. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Usiku yeye analala, mimi namgeuza mama yake asipate vidonda. Amekufa mkono wangu uko chini ya kichwa chake."

Bi Lindgren alikunja midomo, akateremsha ukurasa.

"Hapa inasema nyumba ni ya mume yote. Mke hadai kitu na atahama ndani ya siku tisini."

"Endelea."

"Hapa, mwisho, juu ya sahihi. Inasema wewe, kwa kiapo, umesoma kila ukurasa na umeelewa."

"Sikusoma kurasa," alisema Gaonou. "Nilimsoma yeye miaka ishirini na miwili nikaona inatosha."

"Na yeye anakwambia itakuwa karatasi tu?"

"Anasema kwa mila nabaki mke wake."

"Kwa mahakama hutakuwa mke wa mtu yeyote. Jaji akishapiga muhuri, kumwambia mlidanganyana jikoni ni kazi ngumu sana. Na kuhusu chuo cha mtoto, kuwaongopea wanaotoa msaada ni kosa, na jina kwenye fomu litakuwa lako pia." Akavua miwani. "Usisaini. Hicho ndicho ninachokwambia bure, kwa hii giligilani. Zaidi ya hapo utanilipa, na mimi si rahisi."

"Kiasi gani?"

Akamtajia. Dia akapiga mluzi. Gaonou aliona msimu mzima wa matango, magoti kwenye udongo tangu mwezi wa tano, unaondoka kwa mpigo mmoja.

"Naweza kujaza upya mwenyewe, nikaandika ukweli?"

"Unaweza. Sheria inakuruhusu. Lakini mtu aliyeandika kuwa umetengana naye wakati unamlisha mama yake uji, ukimpelekea fomu ya ukweli, ataisaini?"

Gaonou aliangalia figili zake. Hakuwa na haja ya kufikiri sana.

"Jumatatu saa ngapi?"

"Saa nne. Uje na karatasi zote za nyumba utakazozipata. Na ile giligilani ya tatu nitalipia."

* * *

Jumapili saa mbili kasoro asubuhi Panyia alikuwa kwa shangazi yake, na mama yake alishukuru kwa hilo. Gaonou alikuwa amechinja kuku wawili, amewachemsha kwa majani ya dawa. Mzee Chong, mshenga wa upande wa Moua, aliketi karibu na hita kwa sababu ya mgongo, na karibu na kila anayesema kwa sababu ya masikio. Mzee Wa Pao, mshenga wa upande wa Lor, alikuwa na haraka, ana mazishi ya kuhudhuria. Yeng aliwamiminia vijiglasi, mwenye nyumba kamili, mcheshi.

Simu ya Gaonou ilisimama kwenye rafu, nyuma ya kikapu cha wali. Upande wa pili, huko Laos ambako usiku ulikuwa umeingia, walikaa Kazoua na mama yake wamevaa vizuri. Alikuwa amewaandikia: *Wazee wetu wataongea. Msiseme kitu kwanza, sikilizeni tu.* Kazoua alijibu: *Asante dada! Mama amefurahi mpaka analia.* Ujumbe huo Gaonou aliusoma mara tatu na kila mara alijiona mwovu.

"Haya, Nhia Yeng," alisema Mzee Wa Pao, akimwita kwa jina la utu uzima alilopewa na baba mkwe wake siku Panyia alipozaliwa. "Tumeambiwa kuna karatasi."

Yeng akaeleza. Chuo, msaada, serikali, sahihi moja. Alieleza vizuri sana, na mimi nakiri kuwa hata ningekuwepo ningeweza kuvutika. Mzee Wa Pao alitikisa kichwa cha kukubali.

"Kama ni hivyo mimi sioni tatizo. Wengi wamefanya, wanaishi na wake zao hadi leo. Chong, wewe unasemaje?"

"Nini?"

"Unaonaje?"

"Kama mke anabaki mke, asaini," alisema Mzee Chong.

Hapo moyo wa Gaonou ulishuka hadi miguuni. Mshenga wake mwenyewe! Alikuwa ametegemea wazee wakasirike kwa niaba yake, wamtetee. Kumbe wangempitisha kwenye ule mstari kwa heshima zote na kuku juu.

"Babu," alisema, akamgeukia Mzee Chong, "nitasaini. Lakini mumuulize kwanza kitu kimoja. Mimi ni nani kwake?"

"Swali gani hilo?" Yeng alicheka.

"Jibu. Na useme kwa sauti, babu hasikii."

"Ni mke wangu!"

"Nini?" alisema Mzee Chong.

Yeng akapaza sauti, akapiga na kifua. "Gaonou ni mke wangu! Mlimleta nyinyi wenyewe, hakuna wa kumwondoa! Nimelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na miwili na nitalala naye leo!"

Wazee wakaridhika. Na kutoka nyuma ya kikapu cha wali sauti ya mwanamke ikasema, kwa lugha yao wenyewe, kila neno safi:

"Yeng? Si ulituambia huyo ni dada yako?"

Gaonou akasogeza kikapu. Kwenye kioo mama yake Kazoua alikuwa amekunja uso, na nyuma yake Kazoua, amevaa mikufu ya fedha ya sherehe, mdomo wazi.

"Wazee wangu," alisema Gaonou, "huyo ni Kazoua na mama yake. Mume wangu anamwoa Mwaka Mpya huu."

"Mama Kazoua, ngoja nikueleze," Yeng alirukia simu. "Hayo ni maneno ya kuwaridhisha wazee tu. Sisi tumeshaachana! Muda mrefu! Karatasi zinamalizika leo, nyumba ni yangu, uliza mtu yeyote, mimi sina mke!"

Alikuwa amejisikia mwenyewe alichosema. Polepole akageuka, na wale wazee wawili walikuwa wanamwangalia.

"Hilo nimelisikia," alisema Mzee Chong.

Mzee Wa Pao alishusha kijiglasi chake. Haraka ya mazishi ilikuwa imemwisha.

"Nhia Yeng. Sasa hivi hapa alikuwa mkeo. Glasi yangu haijakauka. Umemwacha lini? Ukoo gani ulikuwepo? Nani alimrudisha kwa Wamoua?"

"Mzee, mimi..."

"Kama ni mkeo, umemdanganya binti wa watu. Kama si mkeo, umemfukuza gizani bila kutuambia, na umetuita hapa tule kuku wake tukusaidie. Chagua moja. Mimi nitabeba lolote utakalochagua, lakini chagua."

Yeng alimwangalia Gaonou. Akaangalia simu. Jasho lilikuwa limemtoka, na hita haikuwa kali hivyo.

"Dada Gaonou," sauti ya Kazoua ilikuwa ndogo. "Yule mwanamke wa California..."

"Hayupo, mdogo wangu. Ni mimi. Nisamehe kwa kukuvalisha mikufu."

Kazoua alianza kuivua palepale, mmoja mmoja, analia bila sauti. Mama yake ndiye aliyekata simu, na kabla hajakata alimtaja Yeng kwa neno ambalo silirudii hapa, watoto wanasoma.

"Umechagua?" aliuliza Mzee Wa Pao.

"Ni mke wangu," alisema Yeng, na safari hii sauti ilikuwa ya chini. "Namchagua Mama Panyia. Nilipotoka, mzee. Nimerudi."

"Umerudi kwa sababu kule wamekata simu," alisema Gaonou.

Alikuwa hajalia mbele yao na hakulia sasa.

"Wazee wangu, mke mmoja alikuwa anamlisha mama mkwe wake uji, na huyu akaandika kwa mkono wake kwamba mke huyo hakuwepo. Ningeweza kusamehe msichana. Wanaume wamewahi kupumbaa. Lakini ile Februari siwezi. Babu, mlinileta na leo nawaambia natoka. Kosa liandikwe kwake, faini mkubaliane wenyewe. Kuhusu nyumba na mtoto, kesho saa nne nina miadi na wakili."

"Wakili?" Mzee Chong safari hii alisikia bila kurudiwa. Akafikiri. "Ni mkali?"

"Ananibishia bei ya giligilani mwaka wa tano sasa, babu."

"Basi atafaa."

Walikaa saa nzima zaidi, koo mbili, wakaongea yanayoongewa. Mzee Wa Pao aliondoka bila kumpa Yeng mkono. Kuku hawakuguswa tena.

Yeng alipakia nguo zake kwenye mfuko mmoja, wa kutosha siku chache kwa kaka yake. Mlangoni akasimama, amevaa kiatu kimoja, cha pili mkononi.

"Nimefuta fomu zote, angalia. Nimefuta. Turudi tulivyokuwa."

"Umefanya vizuri kufuta."

"Basi mambo ya wakili achana nayo. Tukae mimi na wewe mezani, tujaze nyingine, tugawane kwa haki. Wakili atatumaliza, Mama Panyia."

"Mimi wangu nimeshampata."

"Na mimi je? Hela ya wakili nitatoa wapi? Itabidi zangu nijaze mwenyewe mtandaoni."

Gaonou alimtazama, yule kijana ambaye yeye aliwahi kumpenda mpaka akakataa wachumba wawili, sasa ana mvi na soksi imetoboka. Hakuwa anamkejeli alipomjibu. Alikuwa anamshauri kama alivyomshauri siku zote avae sweta.

"Usijaze mwenyewe, Yeng," alisema, na tangu Panyia azaliwe hakuwa amemwita hivyo. "Wewe ukipewa fomu unaongopa. Tafuta wakili."

Akafunga mlango. Akasubiri mpaka gari likatoka uani na sauti yake ikapotea barabarani. Ndipo akakaa chini palepale kwenye viatu, akalia hadi Panyia aliporudi na kumkuta.